Furshi ya pikipiki inahusu koperative nzima

Mpunga wetu haufiki sokoni Kindu kwa miguu yake. Toka Lokandu, mwingine anaupandisha kwa mtumbwi juu ya Lualaba, mwingine anaupakia kwenye pikipiki. Pikipiki ikianguka, gunia linapasuka, mawese yanamwagika, na motari anaumia. Tunasema ni bahati mbaya. Lakini kuna ajali zinazoanzia kwenye furshi, na matengenezo yake tumemwachia motari peke yake. Sisi tunaona hiyo si haki, tena inatuletea hasara.

Furshi ni ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu. Ndani ya kila mguu kuna resori na mafuta. Resori njo inabeba uzito. Mafuta yanaituliza isirukeruke. Mchanga na matope vinakula spi, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke. Mafuta yakivuja, gurudumu linadunda na usukani unacheza. Yakifika kwenye freni, freni haishiki tena.

Motari asiye na franga anafanya nini? Anatia mafuta machafu yaliyotoka kwenye motere. Yale yana unga wa chuma, yanakwaruza ndani. Mwingine anatia mafuta mazito sana, akifikiri atabeba gunia moja zaidi. Hapana! Mafuta mazito hayaongezi nguvu ya kubeba. Yanachelewesha furshi kurudi juu: shimo la pili linaikuta bado iko chini, na pigo lote linafika kwenye mikono na kwenye mzigo.

Kazi nzuri munaweza kuitambua, hata kama hamuko mafundi. Fundi anainua gurudumu la mbele kwanza, na anafungua vifuniko vya juu pole pole, sababu resori inasukuma. Anamwaga mafuta ya zamani yote. Anaangalia bomba kama limepinda au lina vidonda vya kutu, maana kutu itakata spi mpya upesi. Anabadilisha spi za pande zote mbili. Anapima mafuta mapya ya furshi, kipimo kimoja kila upande, namna kitabu cha pikipiki kinavyosema. Yakizidi, hewa inakosa nafasi na spi inapasuka.

Pikipiki nyingi tunazotumia hazina skurubu ya kurekebisha furshi. Marekebisho yake ni uzito wa mafuta, unaoandikwa kwenye chupa: 10W ni mepesi, 15W ni mazito zaidi. Anza na yale ya kitabu. Kisha shika freni ya mbele, kandamiza usukani, achilia. Furshi ipande mara moja na itulie. Ikidunda mara mbili tatu, mafuta ni mepesi au yamepungua. Ikipanda kwa uvivu, ni mazito.

Wazo letu ni hili. Koperative inunue spi na mafuta ya furshi kwa pamoja, kama tunavyonunua mbegu. Kila gunia linalosafiri litoe franga kidogo kwa sanduku la matengenezo. Motari anayebeba mali yetu afunguliwe furshi kabla ya msimu wa mavuno, na sisi kwa upande wetu tukubali kiasi cha mzigo. Magunia mengi yakikaa nyuma, mbele inakuwa nyepesi, na hakuna fundi anayeweza kuponya hilo.

Wengine watasema: "Pikipiki si ya koperative." Ni kweli. Lakini mpunga ni wetu, na motari ni mtoto wetu. Akilala na mguu uliovunjika, nani atafikisha mavuno yetu Kindu? Tunaomba jambo hili liingie katika mkutano ujao, pamoja na bei ya mbegu, si nyuma yake.