Picha nzuri siyo sayansi

Hivi sisi waandishi tutaacha lini kuabudu picha za Hubble? Eti darubini za ardhini zimepitwa na wakati! Upuuzi mtupu. Mei 2018, nyota S2 ilipopita karibu na shimo jeusi lililo katikati ya galaksi yetu, kasi yake ilipimwa kutoka Paranal, Chile, kwa mtambo wa SINFONI. Kioo kilijipinda mara mamia kwa sekunde kufuta mtikisiko wa hewa, kisha kila kipande cha picha kikachambuliwa rangi zake. Mwanga ulikutwa umevutwa kuelekea wekundu, kama nadharia ya Einstein inavyotaka. Picha tupu isingesema hayo. Wahariri, msomaji hanunui gazeti apate pambo la ukutani!