Chakula cha Mifugo: Nani Anaiwekea Hesabu Mipaka?

Kuku wa mayai anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18 hivi, na kalsiamu inayokaribia asilimia 4. Kiwanda kina mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, soya, dagaa na chokaa, kila kimoja na bei yake na virutubisho vyake. Kupata mchanganyiko wa gharama ndogo kabisa bila kumpunja kuku ni kazi ambayo programu mstari, yaani hesabu ya kutafuta gharama ndogo kabisa ndani ya masharti uliyoyaweka, huimaliza kufumba na kufumbua, hata kwenye kompyuta ya kawaida. Viwanda vyetu viitumie, vidogo kwa vikubwa. Linalonihangaisha ni nani anayeandika masharti yanayoingizwa humo.

Hesabu hii huenda hadi ukingoni. Ukiiambia protini isipungue asilimia 16, na protini ndiyo ghali, itakupa 16 kamili. Usilolitaja, hailijui. George Dantzig, Mmarekani aliyebuni mwaka 1947 mbinu ya simpleksi ya kutatua hesabu hizi, baadaye aliitumia kujipangia lishe ya kupunguza uzito. Kompyuta ikamshauri galoni 500 za siki kwa siku, kwa kuwa takwimu alizoiingizia zilihesabu siki kama kitu kisicho na maji. Alipoifuta siki, ikaleta vipande 200 vya supu iliyokaushwa: hakuwa ameweka kikomo cha chumvi.

Siki ya galoni 500 humshtua kila mtu. Mahindi yenye sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, hayamshtui yeyote. Yananunuliwa kwa bei ya chini, na kwenye jedwali la virutubisho yanasomeka sawa na mahindi safi. Pasipo kikomo cha sumu, hesabu itayachagua kila mara. Ng'ombe akiyala, sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumukuvu ya mahindi, kwa hiyo hatuzungumzii hofu ya kufikirika. Mahindi ya binadamu yana kikomo Afrika Mashariki: mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa chakula cha mifugo, nataka kila shehena ipimwe na kipimo chake ndicho kiingizwe kwenye hesabu, badala ya wastani wa vitabuni.

Wenye viwanda watasema gharama itawashinda. Hesabu yenyewe ina jibu. Leonid Kantorovich, aliyeanza na tatizo la kiwanda cha plaiwudi huko Leningrad mwishoni mwa miaka ya 1930 na kushiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1975, alionyesha kwamba kila sharti lina thamani yake: ukililegeza kidogo, unaokoa kiasi gani. Anayedai kikomo cha sumukuvu kitamfilisi na aulizwe namba hiyo.

Dagaa wananipa tabu zaidi. Kwa familia maskini kando ya Ziwa Victoria, dagaa ni kitoweo. Kwa kompyuta ya kiwanda, ni protini yenye bei. Hapo hesabu haijakosea popote, imetii soko. Sitaki kuku wanyimwe dagaa, maana mayai nayo hulisha watoto. Nataka hesabu ifanywe mara mbili, pamoja na dagaa na bila dagaa, na tofauti ya bei kwa kila mfuko iwekwe mezani kabla wizara inayosimamia mifugo haijaamua lolote kuhusu dagaa.