Usinunue namba, nunua sauti

Huenda kompyuta ya mezani mnayo tayari nyumbani. Mchana mtoto huitumia kwa masomo, na usiku familia nzima huizunguka kutazama filamu. Kinachokosekana ni sauti. Kompyuta nyingi za aina hiyo huuzwa bila spika, na kile kispika kidogo kilichomo ndani ya baadhi ya skrini husikika kama mtu anayezungumza akiwa mtungini. Tuseme umetenga shilingi 2,500. Hizo si pesa za kuchezea wakati karo inabisha hodi.

Ukifika Luthuli Avenue jijini Nairobi, huko kwenye maduka chungu nzima ya vifaa vya elektroniki, hutakosa kuonyeshwa boksi lililoandikwa kwa herufi kubwa: wati 1,200! Usitoe pesa bado. Angalia kando ya namba hiyo kama pana herufi PMPO. Hicho ni kipimo cha mshindo wa nukta moja tu, na kila kiwanda hukipima kivyake kwa sababu hakuna kanuni moja inayokiongoza. Herufi za kutafuta ni RMS, yaani nguvu ambayo spika huweza kuitoa mfululizo. Usishangae boksi hilo la wati 1,200 likiwa na wati 10 tu za RMS. Debe tupu haliachi kuvuma.

Kisha uliza spika inapata wapi umeme. Mlango wa USB wa toleo la 2.0 hutoa volti 5 na nusu ampea. Zidisha, utapata wati 2.5. Basi spika inayotegemea mlango huo pekee, nayo inajigamba kuwa na wati 20, inazitoa wapi? Hata hivyo, usiidharau. Kwa mwanafunzi anayeketi karibu na meza, wati mbili zinatosha kabisa. Lakini ikiwa sebule nzima itasikiliza, tafuta ya kuchomekwa ukutani.

Aidha, usiongeze pesa nyingi ili kutoka wati 5 hadi 10. Sikio halitahisi kwamba sauti imeongezeka maradufu. Kwa hilo huhitajika nguvu karibu mara kumi.

Na wufa je? Vijana huipenda kwa ajili ya besi. Lakini kwa bajeti ndogo, pesa zile zile hugawanywa kwa maboksi matatu badala ya mawili, na plastiki nyembamba hutetemeka muziki ukipanda. Isitoshe, besi hupenya kuta na sakafu. Anayeishi gorofani anajua jirani wa chini atagonga mlango saa ngapi. Spika mbili imara bila wufa mara nyingi hukupa maneno yaliyo wazi zaidi, na mtoto anayefuatilia somo la hesabu anahitaji maneno kabla ya mshindo.

Kizuri chajiuza, kwa hivyo usikubali kusimuliwa, omba kusikia. Nenda na simu yenye wimbo unaoujua vyema na sauti ya mtu unayemfahamu. Kwanza, sikiliza kama "s" na "sh" zinatofautiana. Pili, ongeza sauti polepole. Ikianza kukwaruza kabla ya kufika nusu, rudisha rafuni. Tatu, ipunguze sana uone kama pande zote mbili bado zinalia sawa. Nne, simamisha wimbo. Ukisikia mvumo, huo utahamia nyumbani kwako. Ukiridhika, dai risiti na uulize utarudisha kwa masharti gani.

Nyumbani kuna dawa isiyolipiwa. Weka spika mbali na pembe za chumba, ziinue kwa vitabu hadi usawa wa masikio, na uziache mbali baina yao kadiri zilivyo mbali nawe.

Lakini kama anayesikiliza ni mwanafunzi peke yake, fikiria vifaa vya kuvaa masikioni. Kwa pesa zile zile atapata sauti safi zaidi, na walio chumba kimoja naye watalala. Ila asizidishe sauti, kwani spika ikiharibika hununuliwa nyingine, sikio halina duka.