Wakili Asiyeruhusiwa Kusikia

Kila Edward Snowden anapotajwa, mabishano huanza: ni shujaa, la, ni msaliti. Sisi watu wa tarakilishi tumeyabishania hayo mpaka yamechosha, na leo sitayarudia. Kuna jambo jingine linalonikera zaidi, na ambalo watu hawalizungumzi sana. Mtu akifichua siri za upelelezi wa serikali yake, wakili anayemtetea anaruhusiwa kujua nini? Na akishajua, anaruhusiwa kusema nini mbele ya korti? Nimesoma kesi kadhaa za namna hii, za Marekani na Uingereza, na msimamo wangu ni kwamba haki ya kuwa na wakili katika kesi hizi ni nusu haki. Unapewa wakili, halafu unazuiwa kumweleza yale yaliyokufikisha kortini.

Najua kuna atakayeuliza hayo ya Wazungu yanatuhusu vipi. Yanatuhusu. Mwezi wa Mei 2014 gazeti la mtandaoni la The Intercept, likitumia nyaraka alizotoa Snowden, liliandika kuhusu mpango wa NSA ulioitwa MYSTIC. Kenya ilikuwa kati ya nchi zilizotajwa, pamoja na Meksiko na Ufilipino, kuwa takwimu za simu za rununu zilikuwa zikichotwa: nani kampigia nani, saa ngapi, na kwa muda gani. Kule Bahamas walikuwa wakirekodi hata mazungumzo yenyewe. Kwa hivyo kama ulikuwa na simu hapa nchini miaka hiyo, huenda nawe ulikuwa humo. Bila mfichuzi tusingejua mpaka leo. Huyo aliyetuambia, kwa sheria za kwao, hakuwa na njia rahisi ya kumwambia hata wakili wake.

Lakini wacha nianze na mtu asiyejulikana sana kama Snowden, kwa sababu kwangu kesi yake ndiyo inayoonyesha mambo waziwazi. Thomas Drake alianza kazi ya cheo cha juu katika NSA siku ileile ya Septemba 11, 2001. Ndani ya shirika hilo kulikuwa na programu mbili zilizoshindana. Moja, ThinThread, ilitengenezwa na kikundi kidogo cha wataalamu wa ndani, akiwemo mwanahisabati William Binney, kwa pesa chache, na ilikuwa na sehemu ya kuficha utambulisho wa Wamarekani mpaka kuwe na kibali cha jaji. Nyingine, Trailblazer, ilipewa makampuni ya nje, ikala zaidi ya dola bilioni moja, mwishowe ikatupwa. Kama umewahi kufanya kazi ya kuandika programu mahali popote penye tenda, hadithi hii huhitaji kuelezwa. Tofauti ni kwamba kwetu ukilalamika unanyimwa kandarasi, huko ilifika kwenye sheria ya ujasusi.

Drake alifuata ngazi kama alivyotakiwa. Aliwaambia wakubwa wake, akazungumza na wachunguzi wa Bunge la Marekani. Wenzake walipowasilisha malalamiko rasmi kwa Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi mwaka 2002, yeye akawa shahidi wao. Ripoti ikaandikwa, nayo ikafungiwa kama siri. Baadaye akaanza kuwasiliana na mwandishi wa Baltimore Sun. Anasisitiza mpaka leo kwamba hakumpa chochote cha siri.

Novemba 2007 FBI walifika nyumbani kwake. Hapo Drake akafanya kile ambacho mtu anayejiona hana hatia hufanya: akakaa nao mezani, akaanza kueleza. Hakuwa na wakili. Aliendelea kukutana nao baada ya hapo, akiamini wakielewa ubadhirifu aliouona watamgeukia aliyekosa kweli. Aprili 2010 alipofunguliwa mashtaka, makosa yalikuwa 10, na manne kati ya hayo yalikuwa kusema uongo kwa maafisa wa FBI. Yaani sehemu kubwa ya kesi ilichotwa kwenye maelezo yake mwenyewe. Jumla, angeweza kufungwa miaka 35.

Jambo hilohilo lilimpata Reality Winner miaka 10 baadaye. Alikuwa mfanyakazi wa kandarasi wa NSA aliyetuma kwa wanahabari ripoti ya siri kuhusu Warusi kujaribu kudukua mfumo wa uchaguzi wa Marekani. Juni 2017 maafisa walimhoji katika chumba kitupu cha nyumba yake, kwa upole, wakiulizia mbwa na paka wake, na akakiri. Wakili hakuwepo. Mwaka uliofuata alihukumiwa miaka mitano na miezi mitatu. Nyaraka za mahojiano hayo zimefanywa mchezo wa jukwaani na baadaye filamu, na ukiisoma au kuitazama utaona jinsi mtu mwerevu anavyoweza kujimaliza ndani ya saa moja.

Sasa tuseme wakili amepatikana. Akiba ya Drake iliishia kwenye mawakili wa kukodi, akabaki kufanya kazi katika duka la Apple, na korti ikampa mawakili wa umma wa huko Maryland, wakiongozwa na James Wyda. Hapa ndipo inapoingia sheria ya mwaka 1980 inayojulikana kwa kifupi kama CIPA, inayosimamia matumizi ya taarifa za siri kortini. Wakili lazima kwanza apate kibali cha usalama, na anayetoa kibali ni serikali ileile inayomshtaki mteja wake. Nyaraka anazisomea katika chumba maalumu kilichofungwa, na alichoandika humo hatoki nacho. Kabla ya kesi kuanza anatakiwa aieleze korti na upande wa mashtaka ni siri zipi anakusudia kuzitaja, kwa hiyo karata zake zote ziko mezani mapema. Upande wa mashtaka, kwa upande wao, wanaweza kumwona jaji peke yao, bila wakili wa utetezi kuwepo, waombe hati fulani ifupishwe au ifutwe sehemu.

Fikiria umepewa kazi ya kutafuta hitilafu ndani ya programu, na mtu aliyeiandika ndiye anayekuchagulia mistari ya msimbo utakayoiona. Kuna mhandisi gani angekubali kuweka sahihi kwenye ripoti ya namna hiyo?

Hata hivyo mawakili wa Drake walifanya kazi nzuri mno. Walimpata J. William Leonard, ambaye chini ya Rais Bush ndiye aliyesimamia mfumo mzima wa serikali wa kuweka mambo kuwa siri. Yeye aliangalia moja ya hati ambazo Drake alishtakiwa kukutwa nazo, yenye kichwa cha kujipongeza kuhusu mafanikio ya mkutano, akasema haikuwa na siri yoyote ndani yake. Hebu ona: bila wakili mwenye kibali cha kuisoma hati hiyo, na bila mtaalamu mwenye kibali cha kuikosoa, neno "SIRI" lililogongwa juu yake lingetosha. Jaji Richard Bennett alipokataa baadhi ya njia za serikali za kuficha ushahidi, serikali ikachagua kuuondoa kuliko kuuonyesha, na kesi ikaporomoka siku chache kabla ya kuanza. Juni 2011 Drake alikiri kosa dogo tu la kutumia kompyuta kupita idhini aliyopewa. Adhabu: mwaka mmoja wa uangalizi na saa 240 za kazi za jamii. Jaji aliikemea serikali waziwazi kwa kumweka mtu katika hali hiyo kwa miaka.

Kutoka miaka 35 hadi saa 240. Kwa maoni yangu tofauti hiyo ni wakili aliyeruhusiwa kuona.

Uingereza hali iliwahi kuwa ngumu zaidi. David Shayler wa MI5 alitoa mwaka 1997 habari kuhusu, pamoja na mengine, majalada ambayo idara hiyo iliyaweka juu ya wanasiasa. Kesi yake ilipofika mahakama ya juu kabisa mwaka 2002, mabwana majaji walishikilia kwamba sheria ya siri ya mwaka 1989 haina utetezi wa maslahi ya umma, na kwamba hata kumweleza wakili wake mambo ya kazini, afisa wa zamani alihitaji idhini. Akinyimwa idhini, basi aende kortini kupinga kunyimwa huko. Mimi si mwanasheria, lakini nikiisoma naona mduara: unahitaji wakili ili uombe ruhusa ya kuzungumza na wakili.

Katharine Gun alinusurika kwa sababu mawakili wake waligeuza mwelekeo. Alikuwa mfasiri wa Kichina katika GCHQ, na mapema 2003 alivujisha barua pepe ya NSA iliyoomba msaada wa kusikiliza mawasiliano ya wajumbe wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, zikiwemo Angola, Kamerun na Guinea, kabla ya vita vya Iraki. Shirika la Liberty lilimtetea, pamoja na wakili Ben Emmerson. Hawakubishana kama alivujisha, kwani alishakiri. Walidai wapewe ushauri wa Mwanasheria Mkuu kuhusu uhalali wa vita vyenyewe. Februari 25, 2004 upande wa mashtaka ukasema hauendelei na kesi, na yote yakaisha ndani ya muda wa kunywa chai. Sababu kamili haikutolewa siku ile. Mimi nina maoni yangu kuhusu nani aliogopa karatasi ipi.

Ujanja wa Gun hauwezekani Marekani, maana Sheria ya Ujasusi ya 1917 haiulizi kwa nini. Daniel Ellsberg aliyatoboa hayo mapema: wakili wake alipomuuliza kizimbani mwaka 1973 kwa nini alinakili zile nyaraka za vita vya Vietnam, upande wa mashtaka ulipinga na jaji akakubali kwamba swali halihusiki. (Kesi ilifutwa baadaye kwa sababu nyingine kabisa, watu wa Ikulu walivunja ofisi ya daktari wake wa akili.) Snowden amesema mara kwa mara kwamba atarudi kwao iwapo raia 12 wanaoamua hatia wataruhusiwa kusikia sababu zake. Ana mawakili wazuri, Ben Wizner wa ACLU akiwa mmojawapo, lakini hakuna wakili anayeweza kumhakikishia hilo. Ndiyo maana bado yuko Urusi, ambako alipewa uraia mwaka 2022. Wanaomcheka kwamba anahubiri uhuru akiwa Moscow wanasahau kwamba pasipoti yake ilifutwa mwaka 2013.

Kuna hoja ya upande wa pili, nami siidharau. Siri nyingine ni siri za kweli, zikitoka watu wanakufa. Ukimruhusu kila mfanyakazi ampelekee wakili yeyote wa mtaani nyaraka za upelelezi, siri itafika sokoni kabla ya jua kuchwa. Sawa. Lakini mawakili wa umma wa Drake walisoma siri hizo na hazikutoka. Tatizo la wakili kuaminika lilishatatuliwa. Lililobaki ni wakati na mamlaka. Awepo wakili mwenye kibali ambaye mfanyakazi anaweza kumwendea kabla hajavujisha, kabla FBI hawajabisha hodi, na kibali hicho kitolewe na mahakama, kisiwe mikononi mwa idara inayolalamikiwa. Na sheria imruhusu kujibu swali la kwa nini.

Faida yake haiishii kwa wafichuzi. Kule San Diego dereva wa teksi Msomali alipatikana na hatia Februari 2013 ya kutuma pesa, kama dola 8,500, kwa al-Shabaab. Wakili wake hakujua kwamba uchunguzi ulianzia kwenye hazina ya siri ya takwimu za simu za Wamarekani wote. Alijua miezi michache baadaye, Snowden alipofichua mpango huo na maafisa wa serikali wakaanza kuutetea kwa kuitaja kesi hiyohiyo kama mfano wa mafanikio. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikasema mpango ule ulivunja sheria. Hatia haikufutwa, lakini walau hoja ilisikizwa. Kabla ya hapo wakili angeipinga vipi, naye hakujua kama ipo?

Na kwa mafundi wenzangu mnaoshika funguo za seva za watu, za serikali au za kampuni za simu: mkikuta kitu kinachowanyima usingizi, mtafuteni wakili kabla ya kumtafuta mwandishi, tena ana kwa ana na rununu mmeziacha nyumbani. Hapa kwetu Sheria ya Siri za Serikali bado ina meno, ingawa Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ina kifungu kinachomlinda anayetoa habari kwa maslahi ya umma. Wakili atawaambia kifungu hicho kinafika wapi. Afisa akija kuuliza kabla hamjampata wakili, mkaribisheni chai kama mna adabu, lakini msianze kueleza.