Tanga Dogo Si Woga

Kila mwaka miezi ya kusi iingiapo, hupenda kukaa karibu na Bandari ya Kale hapa Mji wa Kale, nikavitazama vyombo vikitoka. Na kila mwaka huyasikia yale yale kwa vijana: nahodha atwekaye tanga dogo ni mwoga.

Mimi nasema sivyo, tena nasema kwa niliyoyaona. Nilipokuwa kijana nilitoka na ami yangu kwa mashua. Alikuwa amekwisha kufunga tanga dogo kwenye foromali, nami nikamcheka. "Mwanangu," akanambia, "tanga kubwa ni la upepo wa upole." Tulipoipita Ngome, upepo ukatupiga. Mashua iliyotutangulia, yenye tanga kubwa, ikalala ubavu ikajaa maji. Watu tuliwaokota wote, alhamdulillahi; nyavu zao zikenda na maji.

Ndugu msomaji, tanga letu la asili halina kamba za kulikunjia likawa dogo papo hapo. Likizidi upepo, hapana budi kuitua foromali, kulifungua tanga na kufunga jengine. Kazi hiyo, chombo kikienda mrama, yataka mikono mingi na bahati. Kulegeza demani hukupa nafasi ya kupumua tu. Ndipo wazee wakalichagua tanga pwani, kabla ya kung'oa nanga. Hata majahazi ya Arabuni yaliyokuja na kaskazi yalichukua matanga zaidi ya moja, makubwa kwa madogo.

Siku hizi vyombo vingi vina mashine, na wengi huliona tanga la pili kuwa mzigo. Hapo ndipo tunapokosea. Mashine ikizima nje ya miamba, na kusi inavuma, mwenye tanga moja kubwa atafanya nini? Akilitweka, huenda akapinduka. Asipolitweka, husukumwa miambani.

Najua kitambaa ni ghali. Lakini mwenye chombo ahesabupo bei ya kitambaa, na awahesabu pia watoto wa mabaharia wake wanaomngoja baba nyumbani.

Wako wasemao, "Tumetawakali kwa Mungu." Na sisi sote tumetawakali, ila Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufunza kumfunga ngamia kwanza. Basi tanga dogo na lishonwe sasa, kabla kusi nyengine haijaingia.