Mimi ni mtu wa wapi?



Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa darasa la tano aliniuliza: "Mwalimu, mimi nilivuka ziwa mgongoni kwa mama. Kule kwetu sikumbuki kitu. Sasa mimi ni nani, mtu wa wapi?" Nilikosa jibu, nikasema tuendelee na hesabu. Vibaya, najua.

Baadaye nilisoma habari za Mwingereza John Locke, aliyeandika juu ya swali hili mwaka 1694. Naye alipata kuwa mkimbizi: mwaka 1683 alikimbilia Uholanzi, akajificha kwa jina la uongo, akarudi kwao 1689. Anasema mtu ni yule yule kwa sababu anakumbuka aliyoyafanya, siyo kwa sababu ya mwili. Roho ya mwana wa mfalme ikiingia katika mwili wa fundi viatu pamoja na kumbukumbu zake, basi huyo ni mwana wa mfalme.

Mimi nakubali nusu. Maana kwa hesabu hiyo, yule mtoto wa mgongoni siye mwanafunzi wangu. Lakini si mama anamkumbuka? (Locke hakuoa wala hakuwa na mtoto, labda ndiyo sababu.)

Nikamwambia msichana amuulize mama yake. Siku mbili hakujibiwa, mama analia tu. Siku ya tatu alikuja amechangamka: "Mwalimu, kumbe ndani ya mtumbwi nilikuwa nacheka njia nzima, watu wakamwambia mama aninyamazishe!"