Kelele ya leo, asilia ya kesho

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini kwenye muziki mambo huwa kinyume: kipya huitwa kelele. Singeli imeitwa hivyo tangu ilipochomoza kwenye vigodoro, yaani sherehe za mitaani za usiku kucha, vya uswahilini Dar es Salaam, na wengi wanaoiponda hawajawahi kusikiliza hata wimbo wake mmoja hadi mwisho. Mara nyingi tunachokiita ladha ni mazoea ya sikio tu, na sikio lisilozoea halifai kupewa kiti cha hakimu.

Tazama taarab, ambayo leo wengi huitaja kama kipimo cha muziki wa kistaarabu. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, anatajwa kuwa ndiye aliyeileta kutoka Misri, na katika kasri iliimbwa kwa Kiarabu. Kisha akaja Siti binti Saad, mwanamke wa shamba kutoka Fumba aliyewahi kuuza vyungu, akaiimba kwa Kiswahili. Wapinzani wake walimkejeli kwa sura na kwa alikotoka. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sasa ndiye tunayemtaja tukitetea asilia. Miaka ya 1990 vinanda vya umeme na mipasho ya rusha roho vilipoingia, ikasemwa kwamba taarab imekufa. Leo nyimbo hizohizo zikipigwa harusini, watu wazima husema huo ndio ulikuwa muziki.

Wapo watakaosema singeli ina matusi. Baadhi ya nyimbo zinayo, na mzazi ana haki ya kuzima redio mbele ya watoto. Lakini hilo ni kosa la maneno, si la mdundo. Bi Kidude alikuwa gwiji wa unyago, ambako mambo ya chumbani husemwa bila kificho, na bado tunamheshimu. Tukiweka maneno kando, singeli inadai usikivu wa namna yake. Mapigo yake huweza kupita 200 kwa dakika, kipande kifupi cha kinanda hujirudia, urithi wa muziki wa mchiriku, na juu yake mwimbaji hupenyeza vina bila kupotezana na ngoma. Anayesubiri fidla na ganuni hatazipata, kwa hiyo atasema hakuna kitu.

Wengine watajibu kwamba kila mtu na apendacho. Sawa, hakuna anayelazimishwa kupenda kila kitu. Ila zamani, Redio Tanzania ilipokuwa peke yake hewani, baada ya kwaya ilikuja dansi, kisha taarab, na msikilizaji alikutana na asichokichagua. Siku hizi programu za simu hutuletea kinachofanana na tulichosikiliza jana, hivyo mazoea yanazidi kuota mizizi nasi tunadhani ni chaguo letu. Anayetaka kujua ladha yake halisi hana budi kuutafuta muziki anaoudharau na kuusikiliza kwa utulivu, nyimbo tatu nzima. Akimaliza na bado haupendi, aseme ni nini hasa kimemkera: sauti, mpangilio au maneno. Akiweza kukitaja, hukumu yake tutaiheshimu, hata tusipokubaliana naye.